Uliza Karani: Kazi imeisha Ijumaa, kadi imekufa Jumatatu

Wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya makato ya bima kwenye salari slipu, mistari sita hivi, basi mkanijazia boksi. Nimechagua barua sita na nimezipunguza maana wengine mnaandika mpaka mambo ya shemeji. Wanaonisoma siku zote wanajua nilikaa miaka kumi na moja dirisha la mishahara kiwandani kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kwa ndani na nina msimamo wangu, sitajifanya sina.

SWALI

Dada Karani habari za kazi. Mimi nipo Tabata, nina mimba ya miezi saba na nusu. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja kampuni flani ya usafirishaji, nimeshaongezewa mara tatu, safari hii HR kaniita Ijumaa tarehe 28 kaniambia mkataba hauendelei, nirudishe laptopu, kitambulisho na kadi za bima, yangu na ya mume na ya mtoto. Nikamwambia ya mtoto si ni ya mtoto? Akacheka. Jumatatu nilikuwa na kliniki hospitali ya binafsi ninayoendaga tangu mimba ya kwanza, kadi yangu nilikuwa sijairudisha, nikaiweka pale dirishani, yule dada akaijaribu mara mbili akasema mama inagoma, mwajiri ameshakutoa. Nikageuka na tumbo langu. Sasa nauliza hii ni halali? Na kwa nini bima iwe ya kampuni wakati mimba ni yangu?

*Mama kijacho, Tabata*

JIBU

Pole sana mama. Nianze na ya haraka, maana wewe huna muda wa falsafa, tumbo halisubiri.

Kwanza hesabu siku. Sheria ya ajira ya 2004 haimruhusu mwajiri kumuachisha mtu kwa ajili ya ujauzito, na hata kwenye mkataba wa muda maalumu, ukionyesha kwamba ulikuwa na haki ya kutegemea kuongezewa (na wewe umeongezewa mara tatu mfululizo, hicho si kitu kidogo) unaweza kudai kwamba kutokuongezewa huko ni kuachishwa isivyo halali. Unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unajaza fomu namba moja, na una siku 30 tu tangu siku ulipoachishwa. Siku 30 mama, sio baada ya kujifungua, sio baada ya arobaini. Wengi wanapotelea hapo.

Pili NSSF. Watu wanaijua kwa pensheni tu ila ina fao la uzazi, wanaangalia kama una michango ya miezi 36 na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miaka mitatu kabla hujajifungua. Wewe kwa mikataba yako minne una miezi 48, kama jamaa walikuwa wanapeleka kweli, kwa hiyo kachukue kwanza taarifa ya michango yako usije ukasimulia kitu ambacho hakipo. Hapohapo ulizia na fao la kukosa ajira, aliyechangia miezi 18 na kuendelea anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita.

Tatu, kujifungulia. Sera inasema huduma za mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure. Nenda, lakini beba glavu, pamba, wembe, mpira wa kulalia na vibanio vya kitovu, maana bure ya kwetu ina orodha yake. Na usikimbilie kukata bima mpya ya binafsi kwa ajili ya mimba hii, nyingi zina muda wa kusubiri kwenye uzazi, itakuja kuanza kufanya kazi mtoto anatambaa.

Sasa hilo la kadi. Kwa bima za makampuni, ndiyo, inaruhusiwa. Aliyesaini na kampuni ya bima ni mwajiri, wewe ni jina kwenye orodha. Kila mwezi karani anatuma orodha mbili, wanaoingia na wanaotoka, ukishaandikwa kwenye wanaotoka kadi inazimwa na mwajiri anapunguziwa hela. Wala yule dada wa dirishani usimlaumu, yeye anasoma tu kioo.

Nasema karani kwa sababu karani nilikuwa mimi. Kulikuwa na droo ya chini kushoto, kadi zilizorudishwa nazifunga na raba bendi kumi kumi, na maagizo yalikuwa nizikate kona kwa mkasi ndio zirudi kwenye kampuni ya bima. Ya mtu mzima unakata tu, hufikirii. Za watoto zina picha sasa, unakuta katoto ka miaka miwili kamepigwa picha kanalia, kifungo kimefungwa tundu la jirani, na mkasi unapita pale juu ya kichwa. Nilikuwa naanza na za watoto ili zile niziondoe mapema. Siku moja baba mmoja alisimama dirishani ananiangalia nikikata akaniuliza, "Hivi na huyu naye mmemfukuza?" Nikamwambia asaini kwenye daftari.

Kwa hiyo swali lako la mwisho mama nalijibu hivi, bima kukatwa kwenye mshahara mimi sina shida nayo, ni njia rahisi kuliko zote za kukusanya hela, karani mmoja anawakata watu mia tatu kwa dakika moja na hakuna anayekimbia. Shida ni pale haki ya kutibiwa inapofungwa kwenye kamba ileile. Kukusanya ni jambo lingine, kutibiwa ni jambo lingine, na sisi tumeyaweka kwenye droo moja.

SWALI

Karani, mimi niko upande wa pili. Nina kiwanda kidogo cha kusaga na kupaki unga Morogoro, wafanyakazi 14. Kila nikigeuka nadaiwa, NSSF, WCF ya fidia kazini, SDL ya mafunzo ya ufundi, leseni, na sasa bima ya afya mpaka ya mke wa mtu na watoto wanne. Kazi yangu ni unga, sio udaktari. Kwa nini nisimuongezee mtu mshahara kidogo kila mtu akajikatie bima yake anayoitaka? Mkinijibu kwamba mimi ni bepari sitanunua tena gazeti lenu.

*Mzee wa Sembe*

JIBU

Mzee wangu shikamoo, na endelea kununua gazeti.

Nakubaliana na wewe nusu. Kweli kazi yako ni unga. Ila tuondoe kitu kimoja kwanza, hiyo hela unayosema unamlipia mke wa mtu, haitoki mfukoni kwako vile unavyodhani. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti, mwajiri anapanga gharama yote ya mtu mmoja, mshahara na mifuko na bima, akiona bima imepanda anapunguza nyongeza ya mwaka. Huyo kijana wako wa mashine anajilipia mwenyewe, wewe umeshika tu bahasha.

Sasa ukimpa hiyo bahasha mkononi. Mwezi wa kwanza ni ada ya shule, wa pili msiba wa Kilosa, wa tatu anasema nitakata mwezi ujao. Wanaokata kweli ni wale wanaojua wanaumwa. Kampuni ya bima ikibaki na wagonjwa watupu inapandisha bei, wazima wachache waliobaki nao wanatoka, inapanda tena. Bima yoyote inataka wazima wengi wamlipie mgonjwa mmoja, na kwenye orodha ya mishahara ndiko wanakopatikana wazima na wagonjwa wamechanganyika bila kuchagua, maana mtu aliajiriwa kwa kujua mashine, hakuajiriwa kwa ajili ya figo zake. Ndio maana hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ile Bunge lilipitisha Novemba 2023, bado inakutaka wewe mwajiri umuandikishe mtu wako. Hapo hukwepi.

Lakini nusu nyingine uko sahihi, na una sababu nzuri kuliko hiyo uliyoandika. Ngoja nikusimulie.

Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ya muda, sio kile kiwanda, ilikuwa na watu 41. Bima ya binafsi. Mwisho wa mwaka broka, yaani dalali wa bima, akaja kurinyu mkataba, akafungua kompyuta yake mezani, bei mpya imepanda karibu nusu. Bosi akauliza kulikoni, watu 41 wanaumwa nini hivyo? Broka akasema siwezi kutaja majina bosi, ni siri, akageuza kioo. Pale kwenye kioo hakuna jina, kuna mstari umeandikwa mwanamke, umri 34, kusafisha figo, mara mbili kwa wiki, na hela pembeni. Mzee wangu, ofisini kulikuwa na wanawake tisa. Wa miaka 34 ni mmoja, na kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anaomba ruhusa kuanzia saa saba mchana. Hakuna aliyesema kitu, bosi alifunga tu daftari lake. Mkataba wa yule dada ulipoisha mwezi wa nne haukuongezwa, sababu iliyoandikwa ilikuwa kupanga upya idara. Barua niliichapa mimi.

Bosi hakuwa katili kuliko watu wengine. Alikuwa na watu 40 wengine wa kulipa na mahesabu yamemuweka mahali ambapo figo za mtu mmoja zinamla nyongeza ya mshahara ya wenzake wote. Kikundi kidogo ndivyo kilivyo. Wewe una 14, mmoja wao akipata hilo tatizo hutahitaji hata kioo cha broka. Kwa hiyo ningekuwa wewe nisingepigania kuacha kuchangia, ningepigania hela yangu iende kwenye chungu kikubwa ambapo watu wangu 14 wanachanganywa na malaki ya wengine, halafu nani anaumwa nini nisijue kabisa.

Wajerumani ndio walioanza haya ya bima kupitia kazi, chini ya kansela wao Bismarck mwaka 1883, mfanyakazi theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Mpaka leo wanakata kwenye mshahara. Ila mtu akipoteza kazi akajiandikisha na kupata fao la kukosa ajira, ofisi ya ajira ndiyo inamlipia mchango, anabaki kwenye mfuko wake uleule na kadi ileile mfukoni. Hawajakata kamba ya kukusanya, wameifungua ile ya pili, ya kutibiwa.

SWALI

Dada salamu kutoka Iowa, Marekani. Mimi ni Mkongomani, nimeishi Kigoma kambini miaka mingi ndio nikaletwa huku. Nafanya kiwanda cha nyama, kazi ni ya baridi na mikono inauma usiku, vidole vinakufa ganzi. Nimepata leseni ya trela na rafiki ananiambia tuingie wote kwenye biashara ya mizigo, hela ni nzuri. Lakini mtoto wetu wa pili ana selimundu, analazwa mara mbili tatu kwa mwaka, na bima ni ya kiwanda, nakatwa dola 240 kila wiki mbili. Mke anasema ukiacha kazi mtoto anakufa. Mimi nasema hivi kweli nchi tajiri hivi mtoto anatibiwa kwa sababu baba anakata nyama? Nifanyeje?

*Baba wa watatu*

JIBU

Ndugu yangu, hicho kitu wanacho mpaka jina huko, wanasema mtu amefungwa na kazi, na si wewe peke yako, wapo wenye digrii wamekaa ofisini kwa mtindo huohuo kwa sababu ya dawa za mke.

Na ukijua ilivyoanza utacheka kwa uchungu. Mwaka 1929 walimu wa Dallas walikuwa wanalipa senti 50 kwa mwezi hospitali ya Baylor, wakilazwa wanatibiwa mpaka siku 21, mpango wa hospitali na walimu tu, hela kidogo kidogo kama kikoba. Halafu vita. Mwaka 1942 serikali ikazuia mishahara isipande ili bei za vitu zisipae, viwanda vinatafuta watu hawapati maana vijana wako vitani, na kuongeza mshahara hairuhusiwi, ila bima ya afya ikahesabiwa kwamba sio mshahara. Basi kila mwenye kiwanda akawa anavutia watu kwa bima. Vita vikaisha, mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba bima anayolipa mwajiri haikatwi kodi, ikawa imeshaota mizizi. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kwamba mtoto wa selimundu atibiwe kwa mikono ya baba kwenye nyama, ilikuwa dawa ya shida ya vita na shida ikaondoka dawa ikabaki.

Sasa wewe. Usiache kazi Ijumaa ukaanza kuuliza Jumatatu, uliza sasa hivi ukiwa bado una kadi. Kuna vitu vitatu vya kupima.

Ukitoka, kwa kampuni yenye watu 20 na zaidi, sheria inayoitwa COBRA inakuruhusu ubaki na bima ileile kwa kawaida mpaka miezi 18, lakini unalipa yote mwenyewe, mpaka asilimia 102. Hapo ndipo watu wanazimia. Wewe unaona dola 240 lakini huoni anachoweka mwajiri. Kwa mwaka 2024 wastani wa bima ya familia kupitia kazi ilikuwa dola 25,572, mfanyakazi akitoa 6,296 na iliyobaki ya mwajiri. Piga hesabu yote iwe yako, ni kama dola 2,170 na ushee kwa mwezi. Ndio hela ya mafuta ya trela hiyo.

Ya pili, soko la bima la serikali. Ukipoteza bima ya kazi, hata kama umeacha mwenyewe, unapewa siku 60 za kujiandikisha bila kusubiri msimu, na tangu 2014 hakuna kampuni ya bima pale inayoweza kumkataa mtoto wako kwa sababu ya selimundu wala kumpandishia bei kwa ajili hiyo. Bei inategemea kipato cha nyumba, na mwaka wa kwanza wa biashara kipato ndicho kitu hukijui, hapo muwe waangalifu na kile mnachoandika kwenye fomu.

Ya tatu ndiyo ningeanza nayo. Watoto peke yao wanaweza kuingia Medicaid au CHIP, bima za serikali za wenye kipato kidogo na watoto wao, hata kama wazazi hawaingii, mipaka ya kipato kwa watoto ni mikubwa kuliko ya watu wazima. Pale hospitali anapolazwa mtoto kuna mfanyakazi wa ustawi wa jamii, muombe akae na nyie na mkalimani, mwambie nataka kuacha kazi mwezi fulani, mtoto atakuwa wapi siku inayofuata? Akijibu kwa maandishi mpe mke asome.

Na hiyo ganzi ya vidole muone daktari kabla hujatoka, iandikwe kwamba ni ya kazi.

SWALI

Hujambo dada. Mimi wa Likoni, Mombasa, nasimamia jikoni hoteli moja ya Diani. Tuliambiwa SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali, ni ya kila Mkenya, mwenye kazi na asiye na kazi. Mbona basi anayekatwa ni mimi wa pei slipu? Ndugu yangu wa boda hajalipa hata ndururu. Na zamani kwenye NHIF ya hapa Kenya nilikuwa nalipa kidogo.

*Mpishi*

JIBU

Sijambo mpishi. Hesabu yako iko sawa. Kama mshahara wako ni 80,000, NHIF ilikuwa inakukata 1,500, na hata anayelipwa milioni alikuwa haendi zaidi ya 1,700. SHA ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 ikawa asilimia 2.75 ya mshahara mzima bila kikomo, kwa hiyo wewe ni 2,200. Na kuna jambo hamlisemi sana huko, mwajiri wako haongezi kitu. Huku kwetu mtumishi wa serikali anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3. Kwenu hoteli inakukata tu na kupeleka.

Ndugu yako wa boda naye anatakiwa kulipa, anapimwa uwezo kwa maswali ya nyumba ni ya nini na anapikia nini, kima cha chini ni 300 kwa mwezi lakini inatakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, 3,600, na mtu anayepata hela ya siku kwa siku elfu tatu na mia sita za mkupuo hana, mpaka ikabidi ije mikopo ya Lipa SHA Pole Pole. Mimi nawasifu kwa kitu kimoja, jina lako linabaki palepale kazi ikiisha, hakuna wa kukukatia kona. Lakini angalia mlango wa katikati. Siku hoteli ikifunga kwa sababu ya msimu mbaya, wewe unahama kutoka kukatwa kwenda kupimwa, na unatakiwa uwe na ya mwaka mzima ukiwa huna mshahara. Weka hiyo hela pembeni msimu wa wageni, ifiche hata kwa mke.

SWALI

Oya Karani, mimi machinga, meza yangu iko Karume, viatu vya mtumba. Mnabishana bima ya mwajiri, bima ya mwajiri, sisi mwajiri wetu nani? Jua? Halafu mimi nina miaka 29 sijawahi kuumwa zaidi ya malaria, bima ya nini, si bora niongeze mzigo?

*Mzee wa Raba Kali*

JIBU

Umeniuma kweli, maana nchi hii watu wa aina yako ndio wengi, wenye salari slipu ni wachache, na magazeti tunaandika kama vile kila mtu ana HR.

Ila hiyo ya "sijawahi kuumwa" ndiyo iliyoiangusha ile Toto Afya Kadi ya mwanzo, bima ya watoto. Unaikumbuka? Shilingi 50,400 mtoto mmoja mwaka mzima, anatibiwa mpaka upasuaji. Mzazi mwenye mtoto mzima akasema bado, mzazi mwenye mtoto mwenye tundu kwenye moyo akakimbia siku ya kwanza (na mimi ningekimbia). Ikawa kinachotoka kinazidi mno kinachoingia, 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na mama zetu walilia. Sasa wewe wa miaka 29 mwenye malaria tu, ndiye hasa mfuko unayemtafuta, na ndiye usiyekuja. Siku pikipiki ikikugonga pale Kigogo utakuja, na utatukuta tumefunga.

Vile vifurushi vya NHIF ya huku kwetu Tanzania vilipokuja 2019, cha chini kwa kijana wa umri wako peke yake kilikuwa 192,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku ni kama shilingi 530, chapati moja na chai umejinyima. Tatizo hakuna aliyekuja mezani kwako kuchukua 530, walikutaka uende benki na 192,000. Wakati mwaka 2018 mwishoni mlipopewa vile vitambulisho vya wajasiriamali, 20,000 kila mmoja, mlilipa nchi nzima, watendaji waliwafuata mpaka kwenye meza. Na ushuru wa soko unakufikia kila siku bila kukosea, mvua inyeshe. Kwa hiyo kukusanya kwa machinga kunawezekana, nimeona kwa macho, ni suala la nani anatumwa na kwa ajili gani. Mwajiri wa kazi gani hapo? Ushuru wako ndio salari slipu yako.

Mpaka hapo kaulizeni kwenye umoja wenu kama mnaweza kuandikishwa kikundi kizima kwa pamoja, wazima na wabovu. Na mzigo ongeza, sijakukataza.

SWALI

Mwanangu Karani, mimi ni mwalimu mstaafu, Iringa. Nilianza kukatwa bima tangu mfuko ulipoanza 2001, nimestaafu 2016, na mpaka leo mimi na mama yenu tunatibiwa kwa kadi, sukari na presha, bila kulipa mchango. Nawashangaa vijana mnavyohangaika. Swali langu, tunalea mjukuu wa miaka mitano, baba yake yuko Dar kwenye kampuni ya ujenzi, mkataba wake unaisha Desemba. Naweza kumuingiza kwenye kadi yangu?

*Mwalimu M.*

JIBU

Shikamoo mwalimu. Tunahangaika kwa sababu sisi hatukupata hiyo ya kwenu. Wewe umetoka kazini na kadi imetoka na wewe, asilimia 3 yako na 3 ya serikali za miaka ile kumi na tano bado zinakupa vidonge leo, na hakuna bosi anayejua sukari yako ni ngapi. Dada wa Tabata amechangiwa miaka minne na yake imezimwa kati ya Ijumaa na Jumatatu. Mkinibishia kwamba haiwezekani kadi kuishi baada ya kazi, nitawaonyesha mwalimu wa Iringa.

Mjukuu hapana. Kadi ya mstaafu ni yako na mwenza wako basi. Baba yake ndiye amuandikishe kama mtegemezi huko kazini kwake, atume cheti cha kuzaliwa chenye jina lake yeye kama baba, lisiwe la babu, hilo mmelifanya wengi vijijini na linawarudisha watu dirishani. Afanye wiki hii mwalimu, na mtoto akapimwe macho na meno na kila kitu kabla ya Desemba.